"Weka ya muhimu tu": dhana potofu kuhusu manukuu ya ndugu asiyesikia

Kila anayeniletea video ya harusi au kipaimara nimwekee manukuu, yaani maandishi ya chini ya video yanayoonyesha kinachosemwa, kwa ajili ya ndugu yake kiziwi, huniaga kwa agizo lile lile: "Usijisumbue kuandika kila kitu. Weka ya muhimu tu, yatamtosha."

Nani kasema yatamtosha? Mtu huyu amekaa miaka mingi mezani na watu wanaocheka, akiuliza kuna nini anaambiwa "tutakueleza baadaye". Baadaye ikifika anapewa maneno matatu. Leo amepata video anayoweza kuirudia atakavyo, na bado kuna mtu anataka kumchagulia cha kujua.

Tuseme mjomba kashika kipaza sauti: "Yaani mimi, yaani huyu mtoto, huyu mtoto nimemlea mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii, eeh, msinione hivi!" Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mteja wangu angependa hapo chini paandikwe: "Mjomba anampongeza bibi harusi." Huo ni muhtasari wa kikao. Mjomba mwenyewe hayumo.

Kufupisha kupo, tena ni lazima, kwa sababu watu huongea kuliko macho yanavyosoma. Wengi katika kazi hii hatuzidishi mistari 2, kila mmoja herufi 42 hivi, na kasi ya herufi kama 17 kwa sekunde. Kwa hiyo naondoa "yaani", "eeh" na yaliyorudiwa:

Huyu mtoto nimemlea mwenyewe
kwa mikono yangu hii. Msinione hivi!

Hizo ni herufi 64 pamoja na nafasi. Sekunde 4 zinatosha, na majigambo ya mjomba yamebaki mzima mzima. Kinachokatwa ni kigugumizi. Utani, matusi madogo, mafumbo ya shangazi kwa wifi yake, vyote vinabaki. Tena vitokee kwa wakati wake: ukitanguliza maandishi, kiziwi atacheka mzungumzaji hajafika kwenye utani, na watu wataanza kumshangaa.

Ukiwa unajifunza, usihesabu maneno kwa dakika kama miongozo mingi ya Kiingereza inavyoelekeza. "Nitakapowaambia" ni neno moja la herufi 15. Kiingereza kingetumia maneno manne hapo. Hesabu herufi. Subtitle Edit ni programu ya bure, na mstari uliozidi kasi hukuonyesha kwa rangi.

Dhana hii ya "ya muhimu" ina mtoto wake: kwamba kisichosemwa hakiandikwi. Camera inamwonyesha bibi harusi amegeuka ghafla. Kwa nini? Mwenye masikio amesikia vigelegele mlangoni. Kwa kiziwi, bibi harusi ameshtuka bila sababu. Andika [vigelegele mlangoni]. Andika [umeme umekatika, muziki umezima]. Anayeongea akiwa haonekani, tanguliza jina lake. Dawa yangu ni moja: kabla hujakabidhi kazi, zima sauti kabisa uitazame yote. Utaona aibu mapema, kabla wengine hawajaziona kasoro zako.

"Si anasoma midomo?" Simama mbele ya kioo useme baba, papa, mama bila sauti. Umeona? Hiyo ni midomo iliyo mbele yako, haijafunikwa na kipaza sauti wala haijageukia keki.

"Kompyuta itaandika yenyewe." Itaandika kitu, ndiyo. Kwenye sherehe yenye muziki, watu watatu wanaongea kwa pamoja, na babu anachanganya Kiswahili na Kichaga, sitaki hata kukuonyesha inachoandika. Mashine ikupe rasimu, halafu ukae uisahihishe kwa masikio yako, kuanzia majina ya watu.

"Manukuu yanamfaa kila kiziwi." Hapana. Aliyekulia kwenye Lugha ya Alama, Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili, na wapo wasiokisoma kwa wepesi. Muulize yeye mwenyewe, usimuulize dada yake. Pengine anachotaka ni mkalimani kwenye kisanduku pembeni, na hapo hakikisha maandishi hayafuniki mikono yake.

Rangi ya dhahabu ili "ifanane na mapambo" siweki. Herufi nyeupe juu ya utepe mweusi, basi.

Na kuna wanaosema, "Nitumie faili la manukuu kwa WhatsApp, nitaliunganisha na video." WhatsApp haisomi faili hilo, liitwalo SRT, pembeni ya video. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezea video, italichukua lenyewe likiwa na jina moja na video na vyote vikiwa folda moja. Kwa WhatsApp, maandishi inabidi yachomwe kwenye picha yenyewe, yawe sehemu ya video isiyoondoka. Ila nakala ambayo haijachomwa itunze, maana jina la bibi lazima litakutwa limekosewa mahali.