Nuari si sinema isiyo na rangi

Juzi nimemsikia tena mtu akisifu sinema fulani kuwa ni "nuari safi". Sinema yenyewe ni ya vichekesho. Kilichoipa jina hilo ni kukosa rangi tu. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, siwezi tena kulinyamazia.

Filamu nuari ni sinema za uhalifu zilizotengenezwa Marekani, hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1940 hadi mwisho wa miaka ya 1950: vivuli vizito, jiji la usiku, na mtu anayejiangamiza kwa tamaa yake huku anajua. Maana ni hiyo. Matata yako kwenye jina.

Jina ni la Kifaransa: noir, yaani nyeusi. Wajerumani walipoikalia Ufaransa mwaka 1940, sinema za Marekani zilitoweka katika kumbi za Paris. Vita vilipokwisha zikaja kwa mkupuo. Kiangazi cha 1946, ndani ya wiki chache, Wafaransa wakatazama kazi za miaka kadhaa zilizokuwa zimewapita: The Maltese Falcon ya 1941, Laura na Double Indemnity za 1944. Zilipofuatana hivyo, undugu wake ukaonekana wazi, jambo gumu kwa Wamarekani waliozipata moja moja. Agosti ya mwaka huo mhakiki Nino Frank akaandika kwamba hizi si hadithi za polisi zilizozoeleka, kwa kuwa zinajali nafsi za wahusika kuliko swali la nani kaua. Akaziita nyeusi. Neno lilikuwa tayari midomoni mwa watu: mwaka 1945 wachapishaji Gallimard walikuwa wameanzisha mfululizo wa riwaya za uhalifu uitwao Série noire. Hollywood kwenyewe waliziita melodrama, yaani sinema za kuchochea hisia kali.

Sasa, wakati huo sinema nyingi mno hazikuwa na rangi. Mhakiki angezitengaje chache kwa sifa iliyokuwa ya karibu zote? Weusi alioutaja ni ule tunaoukusudia tukisema fulani ana roho nyeusi.

Wapo pia wanaoita nuari kila hadithi ya mpelelezi. Nao nawaelewa, maana wapelelezi wamo. Lakini itazame Double Indemnity. Wakala wa bima anaingia ofisini usiku, ana jeraha la risasi, anawasha mashine ya kurekodi sauti na kukiri kwamba ameua kwa ajili ya fedha na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Hapo ndipo sinema inapoanza! Hakuna fumbo la kufumbua. Unakaa kumtazama mtu akienda, hatua kwa hatua, mahali ambapo wewe na yeye mnapajua.

Kwa hiyo ukitaka kusema sinema haina rangi, sema ni nyeusi na nyeupe, inatosha. Na siku ukipata nafasi, itafute Leave Her to Heaven ya 1945, ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa nuari. Ni ya rangi tupu, hata ilipata Oscar kwa upigaji picha wa rangi. Mchana kweupe, ziwani, mwigizaji Gene Tierney ameketi ndani ya mtumbwi na miwani yake ya jua, anamtazama mdogo wa mumewe akizama, wala hanyoshi mkono.