Programu ya zamani ya kunakili DVD: kufunguka si kufaa

Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, nyumba nyingi zina DVD za harusi. Wengi huamini kwamba programu iliyotumika kuzinakili miaka ya 2000 inatosha hata leo, madhali bado inafunguka kwenye kompyuta. Imani hiyo ina msingi, kwani wakati wake programu hizo zilifanya kazi nzuri.

Ila zilitengenezwa kwa shida za wakati ule. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5, na diski tupu za bei nafuu zilikuwa za tabaka moja. Basi programu iliibana video ili ienee, na ubora uliopotea haurudi. Leo nafasi ipo. Hakuna sababu ya kuififisha sura ya bibi harusi.

Tena DVD ya harusi kwa kawaida haina kufuli ya kuzuia kunakili, hivyo huenda usihitaji programu yoyote: nakili kwenye kompyuta folda nzima ya VIDEO_TS, ambayo ndiyo yenye video ndani ya diski. (Filamu za dukani zina kufuli na haki za wenyewe.) Linganisha ukubwa wa folda ya diski na ule wa nakala yake, kisha icheze nakala mwanzo, katikati na hasa mwisho, maana diski huandikwa kutoka ndani kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwashikwa.

Ukihitaji programu, tazama kwanza tarehe ya toleo lake la mwisho, uipakue kwa mtengenezaji mwenyewe. Zilizoachwa huzagaa kwenye tovuti za watu wengine, na huko faili huweza kubeba virusi.