Karatasi ya HPV haisemi nani kachepuka

"Dokta, kwa hiyo mume wangu ana mwanamke nje?" Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tatu. Wa tatu alikuwa ameshafunga majibu kwenye pindo la khanga, simu iko mkononi, namba ya baba watoto imeshatafutwa.

Jamani, HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na hakiji na tarehe. Majibu yanasema kipo leo. Hayasemi kiliingia lini wala kimetoka kwa nani. Kinaweza kujificha miaka mingi, kipimo kisikione, kisha kikaibuka. Mama wa miaka 40 anaweza kuwa alikipata akiwa na 19, kwa mchumba ambaye hata sura yake ameshaisahau. Au mume aliingia nacho kwenye ndoa bila kujua. Karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani, hata yule aliyemjua mwanaume mmoja tu maisha yake yote. Na msiniambie "basi nimlete naye apimwe": kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa. Yule wa tatu nikamwambia aweke simu mezani, apande kitandani, tumalize kwanza kazi ya siki: tunaipaka mlango wa kizazi, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Dakika moja ikapita, mlango wa kizazi ukabaki na rangi yake, hakuna kilichogeuka cheupe.

"Basi nina saratani." Huna. Kwa wanawake takriban 9 kati ya 10, mwili wenyewe hukifukuza ndani ya miaka miwili. Kinachonishughulisha mimi ni kile king'ang'anizi, hasa aina ya 16 na 18, zinazobeba kama 70% ya saratani ya mlango wa kizazi. Hata hapo, kufika kwenye saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, 5 hadi 10. Muda wa kukiwahi upo, ukija.

Masundosundo, vile vinyama vya sehemu za siri? Hayo ni ya aina ya 6 na 11, ndugu wengine kabisa.

Dawa ya kukisafisha haipo. Acheni kujifukiza na kujiwekea vitunguu saumu. Mnaniletea michubuko ya kutibu juu ya mengine.

Chanjo ya HPV haiui kizazi. Tanzania inaitoa nchi nzima tangu 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mpeleke.

Yule mama aliondoka na tarehe ya kurudi, miaka miwili mbele. Simu hakupiga, angalau si mbele yangu.