Mita ya mraba haina bei moja

Simu huanza hivi: "Fundi, baraza la mbao mita ya mraba unachukua ngapi?" Nikiuliza kiwanja kikoje, jibu ni lile lile: "Cha kawaida tu. Kwani udongo unahusu nini na mbao?"

Unahusu sana. Chukua mabaraza mawili ya mita 4 kwa 5. La kwanza liko tambarare, penye changarawe iliyoshikana: nguzo fupi, mashimo ya sentimita 60, kazi inasonga. La pili liko kwenye mteremko, mbele limeinuka mita 2. Hapo nguzo zinataka unene na kufungwa mshazari zisiyumbe, pembeni reli, na ngazi ya kushukia, kwa kipandio cha sentimita 18, inafika vipandio 11. Ukikuta mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, unachimba mpaka udongo uliotulia. Shimo likifika mita 1.2, zege ni maradufu kwa kila nguzo. Kwenye baridi kali ndiyo kabisa: msingi usipopita kina ambacho ardhi huganda, barafu itainyanyua nguzo. Ukubwa ni ule ule, ila nusu ya pesa imezama ardhini usikoiona. Ndiyo maana sitoi bei kwa simu. Nakuja na sururu, nachimba shimo moja, ndipo tuongee.

Wateja wana maneno mengine pia. "Mbao zimetiwa dawa, msumari wowote utashika." Dawa yenye shaba hula chuma kitupu, na hewa ya bahari humalizia. Nimewahi kung'oa ubao karibu na ufuko, kichwa cha msumari kikabaki mkononi, shina limeshakuwa unga wa kutu. Pwani weka skrubu za stenlesi, basi.

"Mbao za plastiki hazina gharama ya ziada." Nyingi hupinda kati ya boriti zilizoachana zaidi ya sentimita 40, kwa hiyo boriti zinaongezeka. Na penye jua kali zinaunguza nyayo.

"Kibali ni cha nyumba tu." Inategemea ulipo. Uliza kabla ya kuchimba.

"Vifaa vikifika barabarani vimefika." Lori likiishia mita 80 kutoka kwenye kazi, zege linakwenda kwa karai, nami naandika vibarua wawili zaidi. Hao ndio wa kwanza mteja kuomba wakatwe kwenye hesabu.