Sutra kwa ajili ya maksai mzee

Mwanzoni mwa karne ya 10, mtu mmoja wa Dunhuang, mji wa pembezoni mwa jangwa kaskazini-magharibi mwa China, alinakili sutra mbili, yaani maandiko matakatifu ya Kibudha, na kumtolea thawabu zake maksai wake mzee. Mwisho wa nakala aliandika dua: maksai huyo azipokee thawabu yeye mwenyewe, azaliwe upya katika Nchi Safi, peponi pa Budha, na asivae tena mwili wa mnyama wa kufugwa. Kisha akaomba maofisa wa mbinguni na wa kuzimu waliandike jambo hili waziwazi, ili kusibaki uhasama wala kesi. Kwa maneno mengine, aliogopa kushtakiwa na ng'ombe wake.

Moja ya sutra hizo mbili ni Sutra ya Almasi, na ukiisoma yote hutakuta ng'ombe. Ni mazungumzo mazito kati ya Budha na mwanafunzi wake Subhuti kuhusu jinsi vitu visivyo na kiini cha kudumu, hata ile thawabu yenyewe isivyo ya kushikwa. Mwenye maksai alikuwa na haja nyingine kabisa. Hata hivyo hakuipotosha sutra. Humo humo mna ahadi inayorudiwa mara kadhaa, kwamba anayeipokea sutra hii na kuwafundisha wengine, hata mistari minne tu, anapata thawabu kubwa kuliko aliyejaza ulimwengu vito na kuvitoa sadaka.

Kwa muda mrefu wataalamu waliisoma falsafa na kuipita dua ya mwisho. Sababu moja ni jinsi taaluma yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1837, Brian Hodgson, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza mjini Kathmandu, alituma miswada ya Kisanskriti Paris. Huko mtaalamu wa Kifaransa, Eugène Burnouf, aliishughulikia kwa ustadi mkubwa, na mwaka 1844 akatoa kitabu kilichoweka msingi wa masomo ya Ubudha Ulaya. Lakini Ubudha wa Burnouf ulikuwa Ubudha wa mezani: maandiko, sarufi na mafundisho. Waliomfuata walizoea kuona kwamba Ubudha halisi umo katika maandiko ya kale, na kwamba uvumba, nyuzi za baraka na sadaka za wafu ni mambo ya watu wa kawaida wasiojua dini yao.

Mmoja wa waliotikisa mazoea hayo ni Gregory Schopen, mtaalamu wa Ubudha wa Marekani. Badala ya kuanza na vitabu, alianza na mawe. Katika mahekalu ya kale ya India kuna maandishi mafupi yanayotaja nani alitoa nini na kwa ajili ya nani. Schopen alionyesha kwamba watawa wa kiume na wa kike ni wengi miongoni mwa watoaji hao, na kwamba nao walitoa kwa ajili ya wazazi wao, walio hai na waliokufa. Ile picha ya mtawa aliyejitenga na familia na mali, asiyejali ibada za wafu, haikubaliani na mawe. Kwa maoni yangu hakuna hoja iliyoibadilisha fani hii kuliko hiyo.

Dunhuang ndiko tunakoweza kuliona jambo hili kwa karibu zaidi. Mwaka 1900, Wang Yuanlu, kasisi wa Kidao (dini ya asili ya China) aliyejipa kazi ya kutunza mapango ya Mogao nje kidogo ya mji, aligundua chumba kilichozibwa ukutani. Ndani kulikuwa na makumi ya maelfu ya miswada, mingi ya Kichina na Kitibeti, mingine ya Kisanskriti, Kikhotani, Kisogdia na Kiuighuri. Leo chumba hicho huitwa Pango Na. 17. Mwanaakiolojia wa Uingereza, Aurel Stein, alifika mwaka 1907 akiwa hajui Kichina, akamlainisha Wang kwa kujieleza kuwa mfuasi wa Xuanzang, yule mtawa wa karne ya 7 aliyekwenda India kutafuta maandiko. Aliondoka na makasha kwa fedha kidogo. Mwaka uliofuata akaja Mfaransa Paul Pelliot, aliyekijua Kichina vizuri, akakaa pangoni wiki tatu akipekua kwa mwanga wa mshumaa na kuchagua alichoona ni bora. Wachina wengi hulitaja jambo hili kwa uchungu, na wana haki. Hazina ya pango moja imetawanyika London, Paris, Beijing na kwingineko.

Kati ya vilivyochukuliwa na Stein mlikuwamo nakala ya Sutra ya Almasi iliyopigwa chapa kwa vibao vya mbao, yenye urefu wa takriban mita 5 na tarehe inayolingana na 11 Mei 868. Ni kitabu kizima cha chapa chenye tarehe kilicho kikongwe kuliko vyote vinavyojulikana. Watu husimulia rekodi hiyo, lakini mtafiti wa ibada hutazama mstari wa mwisho, unaosema Wang Jie alikitengeneza ili kigawiwe kwa watu wote, kwa niaba ya wazazi wake wawili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Zhai Fengda. Alikuwa ofisa wa Dunhuang aliyehusika na kutengeneza kalenda, na mwaka 958, akiwa amevuka miaka 70, alifiwa na mkewe wa ukoo wa Ma. Sutra zilinakiliwa kwa ajili ya marehemu kwa ratiba: moja kila siku ya saba kwa wiki saba, nyingine siku ya 100, nyingine kutimia mwaka, na ya mwisho mwaka wa tatu. Jumla sutra 10. Sisi tuliokulia kwenye hitima na arobaini hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini kalenda ya wafu ina tarehe zake.

Lakini kwa nini 10? Katika Dunhuang ya wakati huo watu waliamini kwamba marehemu hupitia mahakama 10 za kuzimu, kila moja na mfalme wake, na kwamba wafiwa wakitoa sadaka kwa wakati, kumbukumbu yake huingizwa kwenye jalada. Wiki ya tano ni zamu ya Mfalme Yama. Ukiangalia orodha ya Zhai, sutra ya wiki ya tano ni ile inayomhusu Yama huyo huyo. Wiki ya kwanza ilinakiliwa sutra ya kutodumu kwa mambo, wiki ya saba Sutra ya Moyo, na siku ya 100 sutra ya Ullambana, inayosimulia jinsi Mulian, mwanafunzi wa Budha, alivyomwokoa mama yake aliyekuwa akiteseka kwa njaa miongoni mwa mizimu. Baadhi ya sutra hizi zilihesabiwa na wakuu wa dini kuwa za kughushi, yaani zilitungwa China na hazikutoka India. Zhai hakujali. Alichohitaji ni sutra inayofaa kwa siku yake.

Miswada hiyo leo iko Tianjin, Beijing na Paris. Aliyekuwa na kipande cha Paris peke yake aliona orodha isiyo na mwanzo. Ilibidi watafiti waoanishe tarehe, mwandiko na dua ndipo msiba mmoja uonekane mzima. Kazi ya namna hii imerahisika tangu mwaka 1994 ulipoanzishwa Mradi wa Kimataifa wa Dunhuang kwenye Maktaba ya Uingereza, unaoweka picha za miswada ya nchi mbalimbali kwenye intaneti. Picha ina mpaka wake lakini: mtafiti hupima unene wa karatasi, huangalia rangi ya manjano iliyotumiwa kufukuza wadudu, huhesabu jinsi vipande vilivyogundishwa. Karatasi duni yenye mwandiko wa haraka husema kitu kuhusu mfuko wa mtoaji.

Kuna maandiko ambayo hayakuandikwa yasomwe na mtu hata kidogo. Baada ya uasi wa mwaka 764, Malkia Shotoku wa Japani aliagiza vitengenezwe vipagoda milioni moja vya mbao, kila kimoja na karatasi ya chapa ndani yake. Kazi ilimalizika mwaka 770 na vikagawiwa kwa mahekalu 10. Hekalu la Horyuji bado lina zaidi ya 40,000. Maneno ya karatasi ni dharani, yaani maneno ya Kisanskriti yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina kufuata sauti tu. Wajapani wengi wasingeelewa hata neno moja, na kipagoda kilikuwa kimefungwa. Nguvu ilikuwa katika kuwamo.

Upande wa Sri Lanka neno hufanya kazi kwa kutamkwa. Katika ibada ya pirit, watawa hukariri sutra za Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, wakati mwingine usiku kucha, wakiwa wameshika uzi mweupe unaopita mikononi mwao na kufika kwenye chombo cha maji. Kisha maji hunywewa na uzi hufungwa mikononi mwa waumini. Ibada za mapokeo haya hazikuishia Asia: Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na jamii ya Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20.

Tukirudi kwenye Pango Na. 17, swali kubwa ni kwa nini lilizibwa mwanzoni mwa karne ya 11. Stein alidhani ni ghala la takataka takatifu, maandiko chakavu ambayo haikufaa kuyatupa. Wazo hilo si geni. Huko Gandhara, eneo la Afghanistan na Pakistan za leo, hati za magome ya mti za karne ya 1 zilipatikana ndani ya vyungu vya udongo, na Richard Salomon, aliyezichunguza, aliona huenda zilizikwa baada ya kuchakaa. Rong Xinjiang wa Chuo Kikuu cha Peking analipinga wazo hilo kwa upande wa Dunhuang. Anasema pango lilikuwa na mali ya Hekalu la Sanjie, ambako mtawa Daozhen, mwaka 934, alianza kukusanya sutra zilizoraruka ili azitengeneze. Chakavu, basi, kilikuwa akiba ya viraka. Kisha mwaka 1006 ufalme wa Kibudha wa Khotan, magharibi mwa Dunhuang, ukaangukia mikononi mwa Wakarakhani, watawala Waislamu wa Kituruki, na hofu ikafanya kila kitu kifichwe.

Kwa ushahidi wa Daozhen namuunga mkono Rong. Kwa hofu ya vita sijashawishika bado: Wakarakhani hawakuwahi kuiteka Dunhuang, na mapango ya Mogao yaliendelea kuchorwa na kutembelewa kwa karne nyingi baadaye. Waliobaki hapo walikuwa na muda wa kulifungua.