Barabara Huanza na Chemba ya Chini Kabisa

Mtaa mpya unapopangwa, swali la kwanza ninaloulizwa ni lami itakuwa nene kiasi gani. Mimi, kama mhandisi wa manispaa, naanzia mwisho wa bomba. Natafuta sehemu ya chini kabisa ambako maji taka yatatokea, napima kina chake, kisha narudi nikipanda chemba kwa chemba, yaani mashimo ya kukagulia bomba, hadi nyumba ya mwisho. Maji safi unaweza kuyasukuma yakapanda kilima. Uso wa barabara unaweza kuuinua au kuushusha kidogo. Maji taka kwa kawaida hutegemea mteremko, kwa hiyo bomba lake hupewa nafasi kwanza na vingine vyote vinapisha.

Kasi ninayoitafuta ni angalau mita 0.6 kwa sekunde bomba likiwa limejaa. Ikipungua hapo, maji hutangulia na mchanga hubaki, mafuta ya jikoni huganda juu yake, na haipiti miezi mingi wakazi wa bondeni wanaona maji yakirudi chooni. Tuchukue bomba la milimita 200 lililolazwa kwa mteremko wa asilimia 0.4. Kanuni ya kukadiria kasi ya maji ambayo Robert Manning, mhandisi wa Ireland, aliiwasilisha mwaka 1889 inatupa takriban mita 0.66 kwa sekunde. Huo ni mshuko wa sentimita 40 kwa kila mita 100, na ukiutazama kwa macho hata huuoni. Ila kwenye ardhi tambarare, kilomita moja tu imeshakula mita 4. Aliyeanza na handaki la mita 1.2 sasa yuko mita 5.2 chini, anahangaika na maji ya ardhini na kingo zinazobomoka. Hapo hakuna ujanja, lazima kituo cha pampu.

London iliyapitia hayo hayo. Baada ya uvundo wa mto Thames mwaka 1858, mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikuu iliyoshuka taratibu kuelekea mashariki. Kusini mwa mto, maji yalipofika Crossness, mwisho wa mifereji hiyo, yalikuwa chini mno, na mitambo ya mvuke iliyoanza kazi mwaka 1865 ndiyo iliyoyainua.

Kuna kosa linaloniuma kila ninapolikuta kwenye michoro. Mteremko ukikosekana, mtu anaongeza kipenyo cha bomba. Jedwali la kukadiria mabomba linamruhusu, maana bomba kubwa likijaa hukimbiza maji hata kwa mteremko mdogo. Lakini nyumba hazijaongezeka! Maji ni yale yale, na sasa yanatambaa membamba kwenye sakafu ya bomba pana, taka zikibaki nyuma.

Taka zikilala, oksijeni huisha, na bakteria huanza kutoa sulfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda hadi kwenye unyevu wa dari ya bomba, bakteria wengine wakaigeuza asidi ya sulfuriki, na asidi ikaanza kula zege kutoka juu, mahali ambapo aliye juu ya barabara hawezi kupaona. Gesi hiyo pia inaua. Ikizidi, pua huacha kuinusa, na aliyedhani harufu imekwisha huanguka. Tafadhali, mtu asishuke kwenye chemba bila kipima gesi, hewa safi ya kupulizwa, mkanda wenye kamba, na mwenzake aliyebaki juu. Mara nyingi anayefuata kufa ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza.

Upande wa maji safi hesabu ni ya presha. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1 (kipimo cha presha), hivyo tangi lililo mita 30 juu ya bomba linatupa takriban bar 3 kabla ya msuguano kuchukua sehemu yake. Kwenye vilele tunaweka vali za kutolea hewa, mabondeni vali za kutolea tope. Hofu yangu kubwa ni saa ambayo presha inapotea, iwe ni kwa mgao au kwa bomba kupasuka. Tundu la bomba lililokuwa linatoa maji sasa linavuta ndani maji ya nje, pamoja na chochote kilicho kwenye udongo wa jirani. Ndiyo maana viwango vingi vya Marekani vinataka bomba la maji safi na la maji taka yaachane karibu mita 3 kwa upana, na yanapopishana, la maji safi lipite juu kwa angalau sentimita 45. Mtaa ukiwa mwembamba, kila bomba napenda liwe na upande wake.

Sasa barabara yenyewe. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, huko Illinois, mwaka 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukizidishwa mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Hata hivyo, barabara za mitaa nilizoziona zikifa ziliuawa zaidi na maji. Uso uwe na mgongo wa asilimia 2 hadi 2.5 ili mvua ikimbilie mitaroni, na handaki la bomba lifukiwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa na kupimwa.

Niliwahi kuitwa kwenye mtaa ambao lami yake haikuwa imemaliza mwaka, tayari imebonyea katikati kama sahani. Mkandarasi alikuja na kiraka. Niliomba tuchimbe kwanza. Chini tulikuta kiungo cha bomba la maji taka kimeachana upana wa kidole. Maji ya ardhini yalikuwa yakiingia hapo siku baada ya siku, yakibeba mchanga, na chini ya lami kulikuwa na pango la kumtosha mtu kuchutama. Bomba lilifukiwa siku ile ile lilipolazwa.

Tangu hapo siruhusu handaki kufukiwa mpaka ncha mbili za bomba zizibwe, lijazwe maji, na nisimame pale dakika 30 nikitazama yamepungua kiasi gani.