Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, simu inapokamatwa

Tuseme polisi wamemkamata kijana Ngarenaro, Arusha, kwa zile meseji za utapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Simu yake inachukuliwa. Kuanzia hapo hadi itakapopokelewa mahakamani, lazima ijulikane nani aliishika, alikabidhiwa na nani, lini, ilitunzwa wapi na ilifanywa nini. Kumbukumbu hiyo isiyokatika ndiyo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo.

Mahakama ya Rufani iliueleza mwaka 2009, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri: maandishi yanayofuatana kwa wakati, yakionyesha ukamataji, utunzaji, makabidhiano, uchunguzi na hatima ya kielelezo, kiwe cha kushikika au cha kielektroniki. Baadaye ililegeza kamba kidogo. Meno ya tembo, kwa mfano, si rahisi kubadilishwa kimyakimya, hivyo pengo la makaratasi peke yake si lazima liangushe kesi. Simu haina bahati hiyo. Hata ikiwa imelala mezani inapokea meseji, inafuta zilizowekewa muda, na mwenyewe au mwenzake anaweza kuifuta yote akiwa mbali.

Kwa hiyo kazi inaanzia palepale inapokamatwa. Hati ya ukamataji mali itaje IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, na laini zilizomo. "Simu moja nyeusi" haisaidii kitu. Arusha nzima imejaa simu nyeusi. Isainiwe na mkamatwaji na shahidi huru. Iandikwe pia kama simu ilikuwa imewashwa, na saa yake inapishana vipi na saa halisi. Iliyowashwa hukatwa mtandao kwa hali ya ndege au kwa mfuko unaozuia mawimbi, maana ukiizima ovyo inaweza kudai nywila ambayo hakuna atakayeitaja. Na isipekuliwe! Askari akifungua WhatsApp "kuangalia tu", simu inabaki na alama kwamba ilitumika wakati mwenyewe yuko mahabusu. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Maabara hutoa nakala ya data na kuifanyia kazi hiyo nakala. Programu huikokotolea heshi, yaani alama ya utambulisho inayotokana na data yenyewe. Ile ya aina ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja ndani ya meseji, heshi inakuwa nyingine kabisa. Watu huishia hapo wakidhani hesabu imemaliza mambo. Heshi inalinda kuanzia ilipokokotolewa tu, haisemi lolote kuhusu siku tatu ambazo simu ilikaa kwenye droo ya kaunta. Siku hizo zinajibiwa na daftari la vielelezo, bahasha yenye lakiri na sahihi za waliokabidhiana. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kutilia mkazo kuliko kununua mitambo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime data ilitengenezwa, ikahifadhiwa au ikatumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeianzisha alitambuliwaje. Hilo la mwisho mnyororo hauliwezi peke yake. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za bibi wa Usa River asiyejua lolote, na hapo mpelelezi atarudi kutafuta nani alikuwa anaishika simu hiyo kila siku.